inetd: Programu Iliyosubiri kwa Niaba ya Wenzake

Kila seva ina kazi mbili ambazo mtu akizitazama kwa haraka huziona kama moja. Ya kwanza ni kusubiri, yaani kukaa macho usiku na mchana ili mteja akibisha asikose wa kumwitikia. Ya pili ni kuhudumia, yaani kulisoma ombi, kulifanyia kazi na kurudisha jibu. Mwaka 1986 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa toleo la mfumo wa Unix liitwalo 4.3BSD. Ndani yake mlikuwa na programu ndogo, inetd, iliyozitenganisha kazi hizo mbili: yenyewe ilisubiri kwa niaba ya programu nyingine zote, na hizo ziliamshwa pale tu mteja alipofika. Historia ya inetd husimuliwa kwa ufupi kwamba zamani kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ndogo na ghali, ikabuniwa njia ya kubana matumizi, kisha kumbukumbu ikawa rahisi na njia ile ikaachwa. Masimulizi hayo yana ukweli nusu. Uhaba ulimzaa mtoto, lakini si uhaba uliomlea. Kilichoifanya inetd idumu hadi leo, ingawa kwa majina mengine, ni ule uamuzi wa kutenga kusubiri na kuhudumia, na ushahidi wake umo ndani ya misukosuko yenyewe iliyoipata programu hii.

Tuanze na hali iliyokuwapo kabla yake. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET wa Marekani ulihamia rasmi kwenye taratibu za mawasiliano za TCP/IP, na Agosti mwaka huo Berkeley ikatoa 4.2BSD, toleo lililowapa waandishi wa programu soketi, yaani njia ya programu moja kuongea na nyingine kupitia mtandao. Kila huduma ilipewa mlango wenye namba yake: telnet 23, ftp 21, rlogin 513. Katika toleo hilo kila huduma ilikuwa na programu yake ya nyuma ya pazia, aina ambayo wataalamu huiita dimoni, iliyowashwa kompyuta ilipowashwa na kubaki hai hadi izimwe. Kompyuta za wakati huo, kama VAX-11/780, zilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti chache, na mashine moja ilitumiwa na watu wengi kwa pamoja. Dimoni kumi zilizolala zikisubiri zilikula nafasi katika orodha ya michakato, na zilikula kumbukumbu au sehemu ya diski iliyotengwa kuisaidia, hata kama siku nzima hakufika mteja hata mmoja. Tena kila mwandishi wa huduma alilazimika kuandika upya kazi zilezile: kufungua soketi, kuifunga kwenye mlango, kusikiliza, kumpokea mteja, kuzaa mchakato mpya wa kumhudumia, kisha kurudi mlangoni.

Hapo ndipo tunapaswa kuwa waangalifu na ushahidi. Hasara ya kumbukumbu ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa moja ya hasara mbili. Hasara ya pili ilikuwa ya kurudia: elimu ileile ya kusimama mlangoni ilinakiliwa ndani ya kila programu, na kosa likitokea katika nakala moja lilirekebishwa hapo tu. inetd iliziondoa zote mbili kwa mpigo. Ilisoma faili moja la mipangilio, /etc/inetd.conf, ikafungua mlango wa kila huduma iliyoandikwa humo, kisha ikatumia wito wa select, ambao nao ulitoka na 4.2BSD, kuiangalia milango yote kwa pamoja huku mchakato ukiwa mmoja tu. Mfano wa karibu ni bawabu wa jengo lenye ofisi nyingi: wenye ofisi hawahitaji kukaa mlangoni, kwa kuwa yupo mmoja anayejua mgeni yupi aitiwe nani.

Mstari mmoja wa faili lile unatosha kuonyesha jinsi wazo lilivyokuwa limekamilika. Katika mifumo ya BSD, mstari wa huduma ya finger, iliyomwezesha mtu kuuliza nani yumo kwenye kompyuta ya mbali, uliandikwa hivi: finger stream tcp nowait nobody /usr/libexec/fingerd fingerd -s. Neno la kwanza ni jina la huduma, ambalo inetd ililitafuta katika faili la /etc/services na kukuta namba 79. Maneno mawili yanayofuata yanaeleza aina ya mawasiliano. La nne linasema kama inetd iendelee kupokea wageni wengine wakati huduma inafanya kazi, au iiachie huduma mlango wenyewe na kungoja hadi imalize. La tano ni mtumiaji ambaye programu itaendeshwa kwa jina lake, na mengine ni programu yenyewe na maelekezo yake. Msimamizi wa mfumo aliyetaka kuifunga huduma aliweka alama ya # mwanzoni mwa mstari, akaituma ishara ya HUP kwa inetd ili isome faili upya, na kazi ikaisha. Milango yote ya mashine ilikuwa imeorodheshwa mahali pamoja, ambapo mtu angeweza kuisoma kwa dakika moja.

Lakini jambo zito zaidi lilikuwa namna ombi lilivyokabidhiwa. Mteja alipounganishwa, inetd ilijizalishia nakala, nakala hiyo ikauelekeza muunganisho kwenye njia za kawaida za kuingizia na kutolea data, ikajivua mamlaka ya juu na kuvaa ya mtumiaji aliyetajwa, kisha ikageuka kuwa programu ya huduma. Matokeo yake, programu yoyote iliyojua kusoma maandishi na kuandika maandishi ilikuwa seva tayari, hata kama aliyeiandika hakujua lolote kuhusu soketi. Hata skripti ya mistari michache ingeweza kuhudumia dunia. Unix ilikuwa na desturi, tangu mabomba (njia ya kuipa programu moja matokeo ya nyingine) yaliyotokana na wazo la Doug McIlroy kuingizwa mwaka 1973, ya kuunganisha programu ndogo ndogo ambazo kila moja hufanya jambo moja vizuri. inetd ilifikisha desturi hiyo kwenye mtandao. Tena, kwa kuwa milango ya namba chini ya 1024 hufunguliwa na mwenye mamlaka ya juu peke yake, mamlaka hayo yalibaki mikononi mwa anayesubiri, na anayehudumia hakuyahitaji. Hakuna kati ya faida hizi iliyotokana na uchache wa kumbukumbu, na zote zingebaki pale pale hata kama VAX ingekuwa na kumbukumbu bila kikomo.

Pingamizi la kwanza, na ndilo kali kuliko yote, ni la usalama. Usiku wa tarehe 2 Novemba 1988 mnyoo ulioandikwa na Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, ulisambaa kwenye intaneti. Mojawapo ya njia zake ilikuwa fingerd, huduma ileile ya mlango namba 79 iliyowashwa na inetd. Programu hiyo ilipokea ombi kwa wito wa gets, ambao hausimami mpaka mstari uishe, na kuliweka katika nafasi ya baiti 512. Mnyoo ulituma baiti 536, zikafurika, na yaliyofurika yakawa amri kwa mashine ya VAX. Mpinzani anaweza kusema hivi: inetd ndiyo iliyolea uzembe huu, kwa sababu iliwafanya waandishi waiamini njia ya kuingizia data kana kwamba anayeandika ni jirani aliyeketi mbele ya kompyuta, ilhali aliyekuwa upande wa pili ni mtandao mzima. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Wepesi wa kuweka programu hadharani uliwafanya watu waweke hadharani programu ambazo hazikuandikwa kwa ajili ya hadhara.

Hata hivyo, kosa la gets lilikuwa la anayehudumia. Programu ya finger ingeweza kusubiri mlangoni yenyewe, kama zilivyofanya dimoni za 1983, na baiti 536 zingefurika vilevile. Swali linalostahili kuulizwa ni mpangilio upi ulirahisisha kujilinda baada ya hatari kujulikana, na jibu lilitoka Uholanzi. Katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, mdukuzi alikuwa akiingia kwenye kompyuta na kufuta mafaili. Mwaka 1990 Wietse Venema aliandika programu ndogo ya kumfuatilia, iliyokuja kujulikana kama TCP Wrapper, na akaieleza hadharani mwaka 1992. Badala ya inetd kuiwasha huduma moja kwa moja, iliwasha kwanza programu ya Venema. Hiyo iliandika katika daftari la matukio anwani ya anayebisha, ikalinganisha na orodha za wanaoruhusiwa na wanaokataliwa, hosts.allow na hosts.deny, kisha ikaiachia huduma halisi nafasi yake au ikamfungia mgeni mlango. Ilipomaliza ilitoweka, na mazungumzo ya mteja na huduma hayakupita mikononi mwake tena.

Ustadi huu uliwezekana kwa sababu moja: kulikuwa na mwanya kati ya kusubiri na kuhudumia, na katika mwanya huo mlinzi aliweza kupenyezwa. Mashine nyingi za vyuo zilitumia Unix za makampuni yasiyogawa msimbo wa programu zake, hivyo hakukuwa na njia ya kuzifungua na kuzirekebisha. Kwa kuwa inetd ilichokijua ni jina la programu ya kuwasha, ilitosha kubadilisha jina hilo. Ulinzi haukuwa kamili: kwa huduma zilizoachiwa mlango wote, mlinzi aliliona ombi la kwanza tu, na yaliyofuata yalipita bila kuulizwa. Lakini ulinzi mmoja uliowekwa mahali pamoja ulizifunika telnet, ftp, rlogin na finger kwa pamoja. Katika miaka hiyohiyo Panos Tsirigotis wa Chuo Kikuu cha Colorado aliandika xinetd, iliyoingiza ukaguzi wa namna hiyo ndani ya msubiri mwenyewe, pamoja na vikomo vya idadi ya wateja na saa za kufungua huduma, na mwaka 2000 mfumo wa Red Hat Linux 7 ukaichukua mahali pa inetd. Mbele ya mashambulizi, desturi ya kumweka msubiri peke yake iliongezewa nguvu.

Ni kweli kwamba orodha ya huduma ilihitaji kusafishwa. inetd ilibeba ndani yake huduma ndogo za majaribio, mfano echo ya mlango namba 7 iliyorudisha kila ilichotumiwa, na chargen ya namba 19 iliyomimina herufi mfululizo. Februari 1996 kituo cha usalama wa kompyuta cha CERT kilionya kwamba mshambulizi anaweza kutuma pakiti yenye anwani ya uongo na kuzifanya huduma za mashine mbili zijibizane bila mwisho, hadi mtandao uzidiwe. Nazo telnet na rlogin, huduma za kuingia kwenye kompyuta ya mbali, zilipitisha nenosiri bila kulificha, na tangu Tatu Ylönen wa Finland alipotoa SSH, iliyolificha, mwaka 1995 hazikuwa na utetezi. Wasimamizi wakaanza kuweka alama ya # mstari baada ya mstari, mpaka mashine nyingi zikabaki na faili lisilo na huduma hata moja, na msubiri asiye na cha kusubiri akazimwa. Wengi waliokuja baadaye waliona faili tupu wakahitimisha kwamba wazo limekufa. Waliokufa walikuwa wahudumu wa enzi iliyoaminiana kupita kiasi.

Pingamizi la pili ni la kasi, na ndilo lililoonyesha mipaka halisi ya inetd. Kuzaa mchakato mpya kwa kila mteja kuna gharama, na gharama hiyo ni ndogo mteja akija mara moja kwa saa, lakini ni balaa wakija mia kwa sekunde. Seva za kwanza za wavuti, pamoja na ile ya kituo cha utafiti cha CERN, ziliweza kuwashwa na inetd. Taratibu za HTTP za wakati huo zilitaka muunganisho mpya kwa kila faili, kwa hiyo ukurasa wenye picha kumi ulizaa michakato 11, na kila mmoja ulianza kwa kuisoma mipangilio yake upya. inetd yenyewe ya Berkeley ilikuwa imepangiwa kwamba huduma ikiwashwa zaidi ya mara 40 ndani ya dakika moja ihesabiwe kuwa imepatwa na hitilafu, ifungwe kwa dakika kumi. Kwa finger utaratibu huo ulikuwa kinga, kwa ukurasa unaopendwa ulikuwa hukumu. Seva ya Apache ikachukua njia ya kuwaandaa watumishi kadhaa mapema, wakae tayari. Toleo lake la 1.3 bado liliruhusu kuwashwa na inetd, ila la 2.0, lililokamilika mwaka 2002, liliifuta ruhusa hiyo. Waandishi wa SSH nao walionya kwamba isiendeshwe kwa inetd, kwa sababu seva ilihitaji kutengeneza ufunguo kabla ya kumjibu mteja, na kazi hiyo iliweza kuchukua makumi ya sekunde kwa mashine za siku hizo.

Ushahidi huu unathibitisha kwamba kuwasha mchakato mpya kwa kila mteja hakufai kila huduma. Hauthibitishi zaidi ya hapo. Mambo mawili yalikuwa yamefungwa pamoja ndani ya inetd: kumpa mtu mwingine kazi ya kusubiri, na kumzaa mhudumu mpya kwa kila ombi. Wavuti iliukataa utaratibu wa pili. Tena haikuukataa kabisa, kwani CGI, njia iliyoanzishwa mwaka 1993 ili kurasa ziweze kutengenezwa na programu, ilifanya jambo lilelile ndani ya seva ya wavuti: seva ilisubiri, na programu ikazaliwa kwa kila ombi, ikasoma, ikaandika, ikafa. Kwa miaka mingi watu walijifunza kuandika programu za wavuti kwa njia hiyo, wakinufaika na urahisi uleule ambao inetd iliwapa waandishi wa huduma mwaka 1986.

Utengano wenyewe ulirudi kwa kishindo katika karne hii. Aprili 2005 kampuni ya Apple ilitoa Mac OS X 10.4 ikiwa na launchd, programu moja iliyochukua kazi ya kuanzisha mfumo, kazi ya inetd na kazi za kupanga ratiba. Tarehe 30 Aprili 2010 Lennart Poettering alichapisha andiko refu lililoitambulisha systemd, programu nyingine ya kuanzisha mfumo, ambayo tangu hapo imekuwa msingi wa Linux nyingi, ikiwamo Fedora kuanzia mwaka 2011 na Debian mwaka 2015. Kiini cha hoja yake kilikuwa hiki. Mfumo unapowaka, huduma nyingi huchelewa kwa kungojeana, hii ikitaka ile iwe imesimama kwanza. Mtu mmoja akifungua soketi zote mwanzoni, huduma zote zinaweza kuanza kwa wakati mmoja, kwa sababu ombi linalofika mapema huwekwa kwenye foleni na kiini cha mfumo hadi mhudumu awe tayari. Faida nyingine inafuata yenyewe: huduma ikianguka au ikibadilishwa, soketi inabaki mkononi mwa msubiri, na mteja anayebisha katikati ya shughuli hiyo hapotezi ombi lake.

Hapa mpinzani wa tatu husema kwamba ujamaa huu ni wa sura tu, kwa kuwa shabaha ya systemd ilikuwa kasi ya kuwaka na ya inetd ilikuwa kubana kumbukumbu. Tofauti ya shabaha ni ya kweli, lakini inaipa nguvu hoja ya makala hii badala ya kuibomoa. Ingekuwa inetd ni hila ya kubana kumbukumbu tu, isingekuwa na cha kumpa mtu wa mwaka 2010 ambaye kumbukumbu anayo tele. Poettering mwenyewe aliandika kwamba wazo hilo ni la zamani kuliko launchd na akaitaja inetd kwa jina, huku akieleza ilipokosea: iliangalia zaidi soketi za mtandao kuliko zile za ndani ya mashine, na ilizoea kuzaa mchakato kwa kila muunganisho. systemd ikaruhusu njia zote mbili. Huduma inaweza kukabidhiwa soketi yenyewe na kuwapokea wateja wote, au, kwa mpangilio wa Accept=yes, kuzaliwa upya kwa kila mteja kama fingerd ya zamani. Vilevile Novemba 2014 Amazon ilipotangaza Lambda, huduma ya kuendesha msimbo pale tu tukio linapotokea, kanuni ilikuwa ni ile ile kwa kiwango cha majengo mazima ya kompyuta. Hata lawama imebaki ile ile, kwamba ombi la kwanza huchelewa wakati mhudumu anaamshwa.

Mizani ikiwekwa, basi, hukumu yangu ni kwamba inetd inastahili kufundishwa kama msingi, na si kutajwa kama kumbukumbu ya enzi za uhaba. Ilikosea mahali pawili, kwa kuwaamini wahudumu wasiopimwa na kwa kumzaa mhudumu mpya hata pale ambapo wateja hawakatiki. Makosa yote mawili yalirekebishwa bila kuugusa uamuzi wake wa kwanza. Anayejifunza leo kuandika seva, awe katika chumba cha darasa au peke yake na kompyuta ya mkopo, na aanze kwa kujiuliza swali ambalo Berkeley ililijibu mwaka 1986: katika programu hii, nani anasubiri na nani anahudumia? Akiona kazi zote mbili zimerundikwa kwa mmoja, azitenganishe kabla hajaandika mstari mwingine.